Sura ya Saba: Mchezo Utampeleka Wapi Mtoto wa Kike?

Swali hili huulizwa Nyandira na Langali, huulizwa Tchenzema na Bunduki, huko Mgeta, na kwa hakika huulizwa popote penye mzazi mwenye binti mmoja na kazi nyingi: mchezo utampeleka wapi mtoto wa kike? Aulizaye hana chuki na furaha ya mwanawe. Ni mzazi ambaye tangu alfajiri amekwisha kuhesabu kabichi na karoti zitakazoteremshwa Morogoro, majani ya mbuzi wa maziwa yatakayokatwa kabla ya jua kuchwa, na maji, na kuni, na mtoto mchanga anayetaka mgongo wa kubebwa. Na mwalimu anapomwomba amwachie binti yake abaki shuleni saa moja zaidi kwa ajili ya netiboli, huiona saa hiyo kuwa imetolewa katika riziki ya nyumba yake. Swali la mtu kama huyu lastahili jawabu la adabu, lenye ushahidi, wala halistahili kujibiwa kwa nasaha tupu za kwamba michezo ni afya.

Jawabu nitalitafuta katika maisha ya mwanamke mmoja aliyecheza mchezo ambao wengi wetu katika milima ya Uluguru hatujapata kuuona kwa macho, na ambaye alikaa miaka kumi na tisa pasipo kushindwa na mtu. Nimemchagua yeye kwa makusudi. Wachezaji wa mpira wa miguu tunawafahamu, na sifa zao hutufikia zikiwa zimechanganyika na fedha nyingi na kelele nyingi, hata ikawa taabu kupambanua ni kipi kilichowafanya mabingwa. Katika maisha ya Heather McKay, bingwa wa skwoshi kutoka Australia, kelele zilikuwa chache na fedha zilikuwa haba, kwa hiyo sababu za ubingwa wake huonekana waziwazi kwa kila atakaye kuzitazama.

Mchezo wenyewe ulivyo

Skwoshi huchezwa na watu wawili ndani ya chumba chenye kuta nne, urefu wake mita 9.75 na upana wake mita 6.4. Wachezaji hawatenganishwi na wavu kama katika tenisi. Wote wawili husimama upande mmoja, bega kwa bega, wakiuelekea ukuta wa mbele, na kila mmoja kwa zamu yake huupiga mpira kwa raketi, yaani kipigio chepesi chenye nyuzi zilizokazwa, ili ugonge ukuta huo. Chini ya ukuta wa mbele kuna ukanda wa bati, na mpira ukigonga bati mpigaji amepoteza. Mpira ukishagonga ukuta wa mbele, mpinzani ana ruhusa ya kuuacha udunde sakafuni mara moja tu. Ukidunda mara ya pili kabla hajaufikia, amepoteza. Waweza kuzigonga kuta za ubavuni na hata ukuta wa nyuma, na humo ndimo hila zote za mchezo zilimo.

Mpira wenyewe ni wa raba, mdogo, uzito wake kiasi cha gramu 24, na ukiwa baridi haudundi sawasawa. Katika asubuhi za Mgeta, ambako ukungu hushuka hadi kwenye matuta ya mboga, wachezaji wangelazimika kuupiga muda mrefu ili upate joto kabla ya kuanza kuhesabu. Zama za McKay, pointi ilipatwa na yule tu aliyeanzisha mpigo, na seti ilikwisha kwa pointi 9; siku hizi kila mpigo una pointi yake na seti huenda hadi 11. Mshindi wa seti tatu kati ya tano ndiye mshindi wa mchezo.

Mchezo huu ulizaliwa Uingereza katika karne ya 19, katika shule ya Harrow, na ukaenezwa na maofisa wa jeshi na wa serikali kila walikokwenda kutawala. Kwetu Afrika Mashariki uliingia kwa mlango huo huo, ukakaa katika vilabu vya Gymkhana na mfano wa hivyo, mahali ambapo mkulima wa mlimani hakuwa na sababu ya kukanyaga. Kwa hiyo mtoto wa Mgeta asiyeujua hana upungufu wowote wa akili wala wa miguu. Hakupata kuonyeshwa ukuta.

Binti wa mwokaji mikate

Heather Blundell, ambaye baada ya kuolewa mwaka 1965 aliitwa Heather McKay, alizaliwa tarehe 31 Julai 1941 katika mji mdogo wa Queanbeyan, jimbo la New South Wales. Nyumba yao ilikuwa na watoto kumi na mmoja. Baba yake alikuwa mwokaji mikate, na mwenye kujua kazi hiyo ajua kwamba ni kazi ya kuamka watu wengine wamelala. Haikuwa nyumba ya kifahari, wala haikuwa nyumba ya kupeleka mtoto kwa mwalimu wa mchezo wa kulipiwa tangu akiwa na miaka mitano, kama wafanyavyo matajiri wa leo.

Lakini ilikuwa nyumba iliyopenda michezo, na binti huyu alicheza magongo, mchezo ambao kila timu ina watu kumi na mmoja wanaosukuma mpira mdogo kwa fimbo zilizopinda. Alipokaribia umri wa miaka kumi na minane alianza kucheza skwoshi, na nia yake haikuwa kuwa bingwa wa dunia. Alitaka kuipa miguu yake nguvu na pumzi ili acheze magongo vizuri zaidi. Katika Australia ya wakati ule vyumba vya skwoshi vilikuwa vikijengwa katika miji mikubwa na midogo, na aghalabu mtu yeyote aliweza kuingia kwa kulipa ada ndogo ya muda atakaocheza, bila kuulizwa yeye ni mwanachama wa klabu gani wala baba yake ni nani. Msomaji alishike jambo hili, kwani tutalihitaji mbele.

Mwaka 1960, akiwa mgeni kabisa katika mchezo huo, alitwaa ubingwa wa Australia. Akaendelea kuutwaa kila mwaka hadi 1973, mara kumi na nne mfululizo. Katika mwaka ule wa 1960 alishindwa mara moja, na Yvonne West, katika mashindano ya jimbo lake. Mwaka 1962 alishindwa tena mara moja, na Fran Marshall wa Uingereza, katika fainali ya mashindano ya Uskoti. Baada ya hapo hakushindwa tena na mwanamke yeyote mpaka alipostaafu mwaka 1981.

Miaka kumi na tisa

Mashindano yaliyokuwa makubwa kuliko yote wakati ule yaliitwa Mashindano ya Wazi ya Uingereza, na kwa kuwa ubingwa rasmi wa dunia kwa wanawake haukuwapo bado, aliyeshinda hayo alihesabiwa kuwa wa kwanza duniani. Kabla ya McKay, Mwingereza Janet Morgan alikuwa ameyashinda mara kumi, kutoka 1950 hadi 1959, na watu walidhani hesabu hiyo haitafikiwa. McKay aliyashinda mara ya kwanza mwaka 1962, na mpinzani wake katika fainali alikuwa Fran Marshall yule yule aliyemshinda yeye Uskoti mwaka huo huo. Akayashinda mwaka uliofuata, na uliofuata, hata ikafika mwaka 1977: mara kumi na sita mfululizo. Mwaka 1968, dhidi ya Bev Johnson, alishinda seti tatu kwa 9-0, 9-0 na 9-0, maana yake mtu aliyekuwa hodari kiasi cha kufika fainali alitoka chumbani bila pointi hata moja.

Ubingwa wa dunia ulipoanzishwa kwa wanawake, mwaka 1976 mjini Brisbane, aliutwaa. Ulipofanyika tena mwaka 1979 mjini Sheffield, aliutwaa tena. Na yale magongo yaliyompeleka katika skwoshi hakuyasahau, kwani alichaguliwa katika timu ya taifa ya Australia ya mchezo huo pia.

Kwa muhtasari, mambo ya kukumbuka hadi hapa ni haya:

- Alianza skwoshi akikaribia miaka 18, umri ambao wengi husema mtu amekwisha kuchelewa.
- Alishindwa mara mbili tu katika maisha yake ya ushindani wa skwoshi, mwaka 1960 na mwaka 1962.
- Alishinda Mashindano ya Wazi ya Uingereza mara 16, na ubingwa wa Australia mara 14.
- Alistaafu mwaka 1981 akiwa hajashindwa kwa miaka 19.

Siri yake ilikuwa nini?

Watu wakiona jambo kubwa kama hili husema ni kipaji, kisha huridhika, kana kwamba neno hilo limemaliza mjadala. Sikatai kwamba Mungu amewagawia watu neema mbalimbali. Lakini kipaji peke yake hakimlindi mtu kwa miaka kumi na tisa, kwa maana katika muda huo hupita vizazi vitatu au vinne vya wapinzani, wote vijana, wote wamekwisha kumchunguza bingwa na kujua mipigo aipendayo. Mambo matatu yalimlinda McKay.

Jambo la kwanza ni pumzi na nguvu za mwili. Alikuja katika skwoshi kutafuta siha, na siha akaifanya msingi wa yote. Katika chumba kile mchezaji hukimbia hatua chache mbele, hugeuka, hurudi katikati, huenda pembeni, hujipinda hadi karibu na sakafu, na hufanya hivyo mamia ya mara. Mwenye pumzi fupi huanza kukosea kabla hajachoka machoni pa watu. McKay aliwangoja wapinzani wake wafike hapo, ilhali yeye alikuwa bado mzima.

Jambo la pili ni unyofu wa mipigo. Mpira uliopigwa ukapita sambamba na ukuta wa ubavuni, karibu mno hata raketi ikakosa nafasi ya kuupata, ni mpigo usio na madaha, na mtazamaji mgeni hawezi kuushangilia. Bingwa huupiga mara elfu, na mara elfu huufikisha pale pale. McKay aliupiga kwa nguvu na kwa usahihi, akafanya mazoezi hata na wanaume ili azoee mpira wenye kasi kuliko ule atakaoukuta katika mashindano ya wanawake.

Jambo la tatu, ambalo mimi naliona kubwa kuliko hayo mawili, ni kwamba ushindi haukumlegeza. Kushinda mara moja kwahitaji nguvu. Kushinda mara ya kumi na sita, wakati hakuna mtu anayekutisha na kila mmoja amekwisha kukusifu, kwahitaji istiqama, yaani kushika njia moja bila kuyumba hata pale ambapo hakuna akusimamiaye. Mkulima wa matuta aijua fadhila hii, kwa sababu mvua za mlimani hazimwulizi kama msimu uliopita alivuna vizuri.

Ushindi usio na mshahara

Hapa mzazi wetu atauliza, na ana haki ya kuuliza: alipata nini? Kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya ushindani McKay alikuwa mchezaji wa ridhaa, yaani asiyelipwa. Kombe alipewa, makofi alipigiwa, na mwaka 1969 alipewa nishani na Malkia wa Uingereza. Lakini mshahara wa ubingwa haukuwapo. Kuficha jambo hili kungekuwa kumdanganya msomaji.

Hata hivyo tuangalie njia yenyewe ilivyokwenda. Katikati ya miaka ya 1970 aligeuka mchezaji wa kulipwa, na mwaka 1975 yeye na mumewe, Brian McKay, wakahamia Kanada, ambako alifundisha skwoshi. Huko akajifunza raketiboli, mchezo mwingine wa chumba cha kuta nne unaopendwa Amerika ya Kaskazini, na katika umri ambao wengi huwa wamestaafu akawa bingwa wa Marekani na wa Kanada katika mchezo huo. Mwaka 1985 alirejea Australia, akawa mwalimu katika taasisi ya taifa ya michezo, akiwafundisha wasichana waliozaliwa wakati yeye tayari ni bingwa. Mchezo, kwa hiyo, ulimpa ufundi, na ufundi ukampa kazi, na kazi ikamvusha bahari. Nao ufundi huo haukuibiwa wala haukuoza, na aliposhuka kwenye jukwaa la mabingwa alishuka nao.

Walio baada yake wamekuta hali iliyo bora. Mwaka 2013 mashindano ya wazi ya Marekani yalitoa zawadi sawa kwa wanaume na wanawake, jambo ambalo halikuwa limepata kutokea katika mashindano makubwa ya skwoshi, na mengine yakafuata. Na Oktoba 2023, katika mkutano uliofanyika Mumbai, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikubali skwoshi iingie katika michezo ya Los Angeles ya mwaka 2028.

Urithi wa upande wa mama

Kuna habari moja ambayo, tangu nilipoitambua, nimeipenda kuliko hesabu zote za makombe. Mwaka 1971 McKay alicheza fainali ya Uingereza na mwanamke mwenzake wa Australia, Jenny Irving, akamshinda. Jenny Irving alikuwa na binti, Liz, ambaye naye alikua akawa mmoja wa wachezaji bora wa dunia, kisha akawa mwalimu mjini Amsterdam. Kwake akaja msichana wa Malaysia, mzaliwa wa kisiwa cha Penang, aitwaye Nicol David. Chini ya mafunzo ya Liz Irving, Nicol David alitwaa ubingwa wa dunia mara nane kati ya 2005 na 2014, na tangu Agosti 2006 alikaa katika nafasi ya kwanza duniani kwa miaka tisa bila kuondolewa.

Waluguru hawahitaji kufafanuliwa sana maana ya jambo hili. Kwao ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo hushuka kwa kufuata damu hiyo, hata matuta yanayolimwa leo na mjukuu yakawa na historia ya bibi aliyeyashika zamani. Ufundi wa mchezo nao hushuka hivyo hivyo: aliyeshindwa mwaka 1971 hakutoka mikono mitupu, alitoka na elimu ya namna bingwa achezavyo, na elimu hiyo ikakaa nyumbani kwake, ikapita kwa bintiye, ikamfikia mtoto wa nchi nyingine.

Na mrithi wa kiti cha Nicol David alitoka bara letu. Septemba 2015 aliyeshika nafasi ya kwanza duniani alikuwa Raneem El Welily, Mmisri wa Iskanderia. Mwenzake wa mji huo huo, Nour El Sherbini, alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2009 akiwa na miaka kumi na mitatu. Mwaka 2016 akawa mwanamke wa kwanza wa Misri kushinda Mashindano ya Wazi ya Uingereza, na mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia. Kufikia mwaka 2025 alikuwa amekwisha kuutwaa ubingwa wa dunia mara nane, sawa na Nicol David. Misri nayo iliupokea mchezo huu kutoka kwa maofisa wa Kiingereza, kama sisi. Tofauti ni kwamba wenyeji wa Kairo na Iskanderia waliuchukua ukawa wao, watoto wakaletwa vilabuni wangali wadogo, wasichana wakacheza pamoja na wavulana, na mabingwa wakabaki karibu na watoto hata mtoto akaweza kumtazama bingwa akifanya mazoezi katika chumba cha pili.

Jawabu kwa mzazi wa Mgeta

Sasa turudi mlimani na hoja zetu mkononi. Binti wa Mgeta apandaye na kushuka njia za Langali akiwa na mzigo kichwani tangu utotoni ana pumzi na miguu ambayo McKay aliitafuta kwa juhudi. Istiqama ameiona kwa mama yake shambani. Anachokosa ni vitu vitatu ambavyo mtoto hawezi kujipatia mwenyewe, bali hupewa na watu wazima:

1. Mahali pa kuchezea palipo karibu na wazi kwa wote, kama vilivyokuwa vyumba vya skwoshi vya Australia. Si lazima pawe chumba cha kuta nne. Kiwanja cha netiboli kilichosawazishwa vizuri, au ukuta wa darasa uliopigwa lipu, watosha kuanzia.
2. Wakati wake mwenyewe, saa ambayo nyumba imekubali kwa moyo kuwa ni yake, isikatwe kila kazi inapozidi ilhali ya kaka yake haiguswi.
3. Mwanamke aliyemtangulia, awe mwalimu au dada wa kijiji, aliyecheza na anayekubali kufundisha.

Wala nchi yetu haina uhaba wa mfano. Mwaka 1965, katika michezo ya kwanza ya Afrika nzima iliyofanyika Brazzaville, Mtanzania Theresia Dismas alipata medali ya fedha kwa kurusha mkuki, wakati taifa hili lilikuwa changa kabisa. Na njia ya leo imekwisha kuchorwa: mtoto wa shule ya msingi aweza kupanda kutoka shuleni kwake hadi UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi ya taifa zima, na wa sekondari hadi UMISSETA. Ngazi zipo, nazo hupandwa na yule aliyeruhusiwa kufika kwenye ya kwanza.

Je, kila binti atakayepewa vitu hivyo atakuwa bingwa? La. Wengi mno hawatakuwa, kama ambavyo wasichana wengi wa Queanbeyan hawakuwa. Lakini Jenny Irving alishindwa, na kushindwa kwake kukazaa mwalimu wa bingwa. Ndiyo maana namjibu mzazi aliyeuliza kwamba mchezo utampeleka binti yake katika moja ya mahali pawili: ama kwenye ushindi wake mwenyewe, ama kwenye uwezo wa kumfungulia njia mtoto atakayemfuata, na hapa pa pili ndipo palipotoa mabingwa wengi kuliko pa kwanza. Mwenye kumpa binti saa moja ya jioni, basi, hajapoteza saa ya nyumba. Ameiweka akiba kwa jina la ukoo.

Muhtasari wa sura

- Ubingwa wa Heather McKay ulisimama juu ya pumzi, mipigo nyofu na istiqama, na ulianzia katika nyumba ya kawaida yenye watoto wengi.
- Mchezo haukumtajirisha mapema, bali ulimpa ufundi uliomlisha na kumheshimisha baada ya kustaafu.
- Elimu ya mchezo hupita kutoka kwa mwanamke mmoja hadi mwingine; aliyeshindwa leo aweza kuwa chanzo cha bingwa wa kesho.
- Mahali, wakati na mwalimu ni wajibu wa watu wazima. Kijiji kikitimiza hayo matatu, binti atajua la kufanya na miguu yake.